Injini ya Mbio kwa Mwendo wa Kwaya

Vijana wa garaji, mliponiaga mwezi uliopita mlinipa kiti cha plastiki chenye mikono, mkasema nimefanya kazi nimesimama maisha yangu yote, sasa nikae. Nashukuru sana. Mguu mmoja wa kiti ni mfupi, na katika mafundi saba mliokichagua dukani hakuna hata mmoja aliyeliona hilo. Niko juu yake sasa, mbele ya nyumba yangu hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, nimeweka kipande cha tairi chini ya mguu huo, na ninaandika kama mlivyoniomba. Mlitaka siri za kuongeza nguvu za injini. Najua mnachotegemea: ziwe tatu au nne, fupi, za kupigwa picha kwa simu. Poleni. Mtasoma kwanza maisha ya mzee.

Vyeo sitavitaja, maana garajini kwetu Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, vilikuwa viwili tu: mwenye garaji na sisi wengine. Nianze nilipoanza.

Nilifika Nakivale kutoka Uvira, Kongo, nikiwa na mke, watoto wawili, na seti ya spana iliyokosa namba kumi na tatu. Aliye fundi anajua kwamba namba kumi na tatu ndiyo hufungua nusu ya gari. Nilikuwa pia na cheti cha ufundi kwa Kifaransa, chenye muhuri wa bluu. Karani wa kuandikisha watu alikigeuza mara mbili, akaniuliza kama ni cha ubatizo. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Kwa hiyo kwa muda mrefu, kwenye karatasi za watu wakubwa, mimi nilikuwa Mkristo asiye na kazi.

Kazi ya kwanza niliipata kwa Mrundi mmoja mwenye kinu cha mahindi. Kinu kilizungushwa na injini ya dizeli ya silinda moja, mzee wa kazi, mpole, ambaye hakuwahi kumkosea mtu. Mwenye kinu alinivuta pembeni.

"Fundi, bantu banapanga mustari tangu asubui. Iyi mashini inasaga buhoro buhoro. Hauwezi kuiongeza nguvu?"

Hilo ndilo swali lililoniharibia maisha. Mtu akiniuliza kama naweza kuiongezea injini nguvu, mimi sisikii kitu kingine tena, hata jina langu. Nikaifunga ile springi inayozuia injini isikimbie kupita kiasi, injini ikalia, mkanda ukapiga mluzi, na kufikia saa sita mchana foleni ilikuwa imekwisha. Nilipongezwa. Jioni watu wakapika. Unga ulikuwa umeungua ndani ya kinu kwa kasi, ukageuka rangi ya kahawia, na kijiji chetu chote kikala ugali wenye harufu ya moshi juma zima. Wanawake walianza kuniita Baba Moto, na hawakuwa wakinisifu.

Siku ya soko akaja Mzee Rwabu, Mnyankore mwenye garaji Ruti, aliyekuwa akileta mikanda na beringi za vinu. Alichota unga kwa vidole viwili, akaunusa, akauliza ni nani.

"Ni miye, Mzee," nikasema.

"Kwa nini wewe nafanya hivi?"

"Nilitaka moteri ipate nguvu mingi."

"Watu nataka nguvu, ama nataka unga?"

Akaniambia nifike Ruti Jumatatu. Nyinyi mmeambiwa kwamba aliniajiri kwa sababu aliona kipaji. Mimi nadhani aliihurumia Nakivale, akaona afadhali aniweke mahali atakaponiona.

Siku yangu ya kwanza Ruti nilifagia. Ya pili nilifagia. Ya tatu alinipa kipini cha patasi, akaniambia nikiweke kwenye injini inayonguruma na upande mwingine sikioni, nimweleze ninachosikia. Nikasema nasikia injini. Akanirudishia ufagio. Nyinyi mnachomeka waya, kompyuta inawaambia gari linaumwa wapi, na bado mnabadilisha kitu kisichoumwa. Mimi nilisikiliza kipini hicho miezi mitatu mpaka nikajua sauti ya vali iliyolegea na sauti ya beringi inayokufa. Alinifundisha kusoma pulagi kwa rangi yake: nyeusi inakula mafuta mengi mno, nyeupe inakula machache mno, rangi ya biskuti ina afya. Na alinifundisha kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha kuandika ukutani kwa chaki kabla ya kugusa cha pili. Ule ukuta mlioupaka rangi ya samawati mwaka jana ili garaji ipendeze kwenye picha, ndio uliokuwa shule yangu. Umependeza kweli.

Mzee Rwabu ni mlokole. Hanywi, hatukani. Spana ikimteleza na kumchubua vidole, husema "Bwana asifiwe" kwa sauti ambayo watu wote hurudi nyuma hatua mbili.

Katika miaka yote hiyo nimeziongezea nguvu injini nyingi, na nyingine zilishukuru. Mojawapo ilikuwa ya pikapu iliyobeba maziwa kutoka kwa wafugaji hadi mjini Mbarara. Nilikwangua silinda hedi, yaani kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya silinda, ili mafuta na hewa vibanwe zaidi kabla ya kuwaka. Gari likawa linapita mengine yote ya maziwa. Dereva alifurahi mno, akaacha kupunguza mwendo kwenye mashimo. Akafika mjini wa kwanza, na makopo yamejaa siagi. Mzee Rwabu alikuja tu na mkate, akauweka mezani kwangu.

Sasa nifike kwenye lile mnalotaka kulisikia, kazi yangu ya mwisho, kwa maana kila mmoja wenu analisimulia na kila mmoja analikosea. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani, kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Mwanzoni mwa mwaka huu Mzee Donato, polisi mstaafu wa Nyamitanga, kile kilima chenye kanisa, alituletea gari lake likiwa limevutwa kwa kamba. Lilikuwa gari la zamani kabisa, lililotengenezwa kabla ya vita vya pili vya dunia, lenye matairi membamba, taa kama macho ya chura, na kifuniko cha turubai. Lilikaa miaka na miaka kwenye banda la migomba, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Vali zake zilikaa ubavuni mwa silinda, siyo juu, na hedi yake ilikuwa bapa kama kifuniko cha sufuria. Kwenye usukani kulikuwa na wenzo mdogo wa shaba. Ukiusukuma, cheche ya pulagi inawahi. Ukiurudisha, cheche inachelewa. Dereva wa zamani alifanya kwa kidole kile ambacho magari yenu yanafanya yenyewe bila kumshukuru mtu.

Nyuma ya gari, kwa miguu, alikuja mkewe, Mama Perepetua. Ndiye aliyezungumza. Mumewe alikuwa ameshamaliza maneno yake katika utumishi, na mama alizungumza Kiswahili cha kambi za polisi, kilichonyooka.

"Sisi nafikisha miaka sitini ya ndoa. Kuna misa kule juu, kanisani. Mimi nataka panda mlima na hii gari."

"Sawa, Mama," nikasema. "Tutaitengeneza."

"Ngoja. Siku ya harusi, tajiri wa ng'ombe alituazima hii gari siku moja tu. Mvua nanyesha. Gari nafika katikati ya mlima, nakufa. Mimi nashuka na viatu nyeupe, natembea kwa matope mpaka kanisa. Dada ya huyu mzee, jina yake Katarina, natunga wimbo."

Akatuelezea wimbo wenyewe. Ulihusu bibi harusi aliyefika kanisani kwa miguu kama mtu aliyekuja kuazima chumvi. Katarina aliuimba siku ileile. Aliuimba kwenye ubatizo wa kila mtoto wa Mama Perepetua, na kwenye arusi za watoto hao, na baba yake mwenyewe alipozikwa aliuimba pia, taratibu kidogo kwa heshima ya marehemu. Mzee Donato alilinunua gari hilo miaka mingi baadaye, likiwa chuma chakavu, ili kumtuliza mke wake, na badala yake akafugia kuku ndani yake. Katarina alikuwa bado hai, mwenye afya njema, na ndiye kiongozi wa kwaya ya akina mama.

"Kwa hiyo sikia vizuri," Mama akasema, akininyooshea kidole. "Siku hiyo mimi hapana shuka. Na mtu hapana sukuma. Kama nashuka, heri nabaki nyumbani."

Hakuwa akitania. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na nilimwonea huruma hata nikasahau kuuliza lolote la maana. Nikamwahidi. Nilimwahidi mbele ya watu, nikiwa nimeshika spana, na kwa fundi hicho ni kiapo.

Tuliifungua injini. Tukasaga vali, tukabadilisha ringi za pistoni, tukasafisha kabureta iliyokuwa na kiota cha nyigu. Baada ya majuma mawili gari liliwaka. Mimi na Mzee Rwabu tukalijaza magunia ya mchanga yenye uzito wa wazee wawili waliokula vizuri, tukalipeleka barabara ya Kabale kwenye kilima kile kilicho mbele ya Ruti. Lilipanda. Lilipanda kwa gia ya kwanza, polepole, likikohoa kidogo, kama mgonjwa anayekwenda chooni bila kushikwa. Mwanamke mwenye mkungu wa matoke kichwani alitupita, akatusalimia, akatangulia.

"Imepanda," Mzee Rwabu akasema. "Kazi imekwisha. Pigia mama simu."

Natamani ningempigia. Nimekaa hapa kwenye kiti chenu kibovu na bado natamani. Lakini niliona aibu ya kupitwa na matoke. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, na hii ilikuwa injini ya aina ile ambayo watu wa kwanza kabisa wa kazi yetu walijifunzia kila kitu: ukiikwangua hapa inajibu, ukiitoboa pale inajibu. Haina kompyuta ya kukukatalia.

"Mzee, unipatie mwezi moja tu," nikamwambia. "Hii moteri iko na nguvu imejificha ndani."

"Hii injini ni mzee sawa na mimi. Hiyo nguvu imejificha, wacha ijifiche."

Lakini alinipa mwezi. Naye ni fundi, na nilimwona anaitazama ile hedi.

Mjini kuna mtu mwenye mashine ya kukwangua hedi. Alipoiona alisema chuma cha zamani hivyo kitapasuka, akakataa. Kwa hiyo niliikwangua kwa mkono. Tupa, kioo kinene cha dirisha, na dawa ya kusagia vali. Naipaka, naisugua juu ya kioo, naangalia palipoguswa, napiga tupa, nasugua tena. Siku kumi na saba. Nilitoa chuma chenye unene wa sarafu, na mabega yangu hayajanisamehe. Gasketi, ile pedi ya kuziba kati ya hedi na silinda, niliikata mwenyewe kutoka bati la shaba nyekundu lililotoka Kikagate mpakani. Jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia petroli, niliipanua kwa sindano ya cherehani niliyoinoa. Bomba la moshi nililibadilisha na nene zaidi. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, na chaki ukutani, jinsi nilivyofundishwa. Ninawaambia hili ili mjue kwamba mtu anaweza kufuata utaratibu wote kwa uaminifu na bado akawa mjinga.

Injini ilipobanwa namna hiyo ikaanza kugonga. Mlio kama wa misumari ndani ya kopo, ina maana petroli inawaka kabla ya wakati wake. Dawa yake ni mafuta yanayostahimili kubanwa, na mafuta hayo hayauzwi kituo chochote hapa. Lakini pombe kali hustahimili, na wilaya yetu ya Isingiro ni nchi ya migomba. Nikaleta kutoka kwa jirani yangu Nakivale waragi, yaani gongo ya ndizi, ya kwanza kutoka mtamboni, ile ambayo hata walevi huiogopa, nikachanganya na petroli. Kugonga kukakoma kabisa. Mzee Rwabu alikataa kugusa lile galoni. Alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Bwana asifiwe," akasema, kwa sauti ile ile. Kisha akauliza, "Inaenda?"

Ilikwenda, ndugu zangu! Tulikuwa tukilianzishia mbali, kwenye tambarare, naongeza mafuta, nafika kwenye kilima linanguruma, na tunafika juu kabla magunia hayajajua tumeondoka. Kila siku tulipunguza sekunde mbili, tatu. Ule wenzo wa shaba ulikuwa ukirudi nyuma wenyewe kwa mtikisiko na kuichelewesha cheche, nami nikaona huo ni uoga wa watu wa kale. Nikaufunga kwa waya upande wa kuwahi, nikaukaza kwa koleo.

"Sasa hii nguvu nafanya kazi gani?" Mzee Rwabu akaniuliza siku hiyo.

"Kupanda mulima, Mzee."

"Napanda namna gani?"

"Mbio."

"Nani nasema mbio?"

"Si ni mulima wenyewe?"

Alitikisa kichwa, lakini hatukwenda kumuuliza Mama Perepetua. Sababu ni hii. Kwetu Kongo msafara wa harusi ni honi na mwendo. Gari linalokwenda polepole, watu hudhani limebeba maiti. Kwenye kanisa la Mzee Rwabu hakuna msafara wowote. Watu huingia, hukaa, husifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutembea kwenye jubilei ya Wakatoliki wa Nyamitanga. Mama Perepetua alipokuja kutazama, akauliza, "Itapanda?" nikamjibu, "Itaruka, Mama." Akanitazama kwa wasiwasi, akasema yeye siyo ndege. Hapo pia ningeweza kuuliza. Sikuuliza.

Siku ikafika. Nilivaa suti ya kuazima. Nilileta gari upande wa huku wa daraja la mto Rwizi, limeng'arishwa, turubai limekunjwa, lina maua, na linanuka kilabu cha pombe. Mama Perepetua aliingia nyuma na mumewe, akakaa wima, mkoba magotini, viatu vyeupe vipya miguuni. Nikawasha. Nikaangalia nafasi yangu ya kuanzia mbio, kama nilivyozoea.

Mbele ya gari, barabara nzima, ilikuwa imesimama kwaya ya akina mama. Arobaini hivi, wote wamevaa magomesi, yale magauni marefu ya sherehe, na nyuma yao padri, na pembeni wajukuu wenye matawi. Bibi Katarina alikuwa mbele kabisa, amenyoosha mwavuli juu kama fimbo ya mwalimu.

"Hawa banatoka saa ngapi?" nikamuuliza Mama.

"Nani natoka? Hawa natembea mbele. Sisi nafuata nyuma, pole pole, mpaka kanisa."

Mafundi, najua mmeshaelewa, lakini niandike kwa ajili ya yule mmoja ambaye hataelewa. Injini niliyoitengeneza ilikuwa na nguvu nyingi ikizunguka haraka. Ikizunguka polepole haikuwa na kitu. Kabureta yenye jeti kubwa huimiminia petroli ambayo haiwezi kuila, cheche inayowahi huisukuma pistoni kurudi ilikotoka, na ile injini ya majuma mawili ya kwanza, iliyopitwa na matoke, ambayo ingefuata kwaya hiyo hadi mbinguni bila kulalamika, nilikuwa nimeisugua juu ya kioo kwa siku kumi na saba mpaka ikaisha.

Tukavuka daraja. Tambarare nilivumilia kwa kukanyaga klachi na kuiachia. Mlima ulipoanza, Katarina akapunguza mwendo. Siwezi kuapa kwamba alifanya makusudi. Lakini aligeuka, akalitazama gari, akaanza wimbo mwingine, mrefu zaidi, wenye hatua mbili mbele na moja ya kuyumba. Injini ikaanza kutetemeka. Klachi ikaanza kunuka. Nikapeleka kidole kwenye wenzo wa shaba niicheleweshe cheche, nikagusa waya niliokaza kwa koleo mwenyewe. Nikauvuta. Haukusogea. Nilikuwa fundi mzuri wa waya.

Katikati ya mlima injini ikakohoa mara mbili. Nilisikia wajukuu wawili wakija nyuma ya gari kutusaidia, mikono tayari, na nikamsikia Mama akipumua.

"Mama," nikasema bila kugeuka, maana sikuweza kumtazama usoni, "unisamehe. Moteri inakufa. Haiwezi kutembea mwendo ya kwaya. Inaweza tu kukimbia, na fasi ya kukimbilia haiko."

"Ikipata njia, itapanda?"

"Ikipata njia, itapanda."

"Piga honi."

"Nimepiga, Mama. Bibi Katarina anaongeza sauti."

Mama Perepetua akasimama. Akashika kiti changu kwa mkono mmoja, akatoa kichwa juu ya kioo cha mbele, na kwa sauti ambayo sikuitegemea kwa mwanamke wa umri ule, akapiga ukelele wa Kinyankore, neno moja tu. Nalijua neno hilo. Ndilo wachungaji huwaambia ng'ombe waliolala barabarani.

Kwaya ikagawanyika. Arobaini wote, huku na huku, magomesi yameshikwa juu. Padri aliingia mtaroni na kitabu chake. Wa mwisho kurukia mtaroni alikuwa Katarina, na aliuacha mwavuli. Nikakanyaga mafuta mpaka chini.

Sitawadanganya kwamba nilisikitika wakati ule. Injini ilinguruma, bomba likapiga mlio mmoja kama bunduki, na lile gari la kuku likaruka mbele kiasi kwamba Mama alikaa bila kupenda. Tulipita miti, tukapita ukuta wa shule, tukapita lango lenye maua, Mzee Donato akacheka kwa sauti, na hiyo ndiyo sauti pekee niliyopata kuisikia kwake. Tukaingia uwanja wa kanisa peke yetu. Hapakuwa na mtu ila mama mmoja aliyekuwa akifagia ngazi, naye alikimbia na ufagio wake.

Ndipo ikalia. Mlio mkavu, mmoja, ukifuatwa na mvuke mweupe uliofunika gari lote. Nikashuka, nikafungua boneti, na sikuhitaji kipini cha patasi. Hedi ilikuwa imepasuka kutoka silinda ya pili hadi ya tatu, kidole kingeingia. Yule mtu wa mjini alisema kweli. Nikaona kazi ya maisha yangu inachuruzika maji ya moto juu ya suti ya mtu, nikalia. Ndiyo, nililia. Andikeni hilo ukutani juu ya rangi yenu.

Mama Perepetua alikuwa bado amekaa.

"Injini imekufa?" akauliza.

"Imekufa, Mama. Haitapona."

"Imefia wapi?"

Nikafuta uso. Nikatazama kanisa lililokuwa hatua kumi kutoka kwetu.

"Hapa juu, Mama."

"Basi." Akatengeneza kitambaa chake. "Kwa nini wewe nalia?"

Mzee Donato alitaka kufungua mlango. Mama akamshika mkono, akamwambia akae. Tukangoja. Kwa muda tulisikia sauti za watu mlimani, lakini siyo nyimbo. Mlima ule ukiupanda kwa hasira hauachi pumzi ya kuimba. Wajukuu walifika kwanza, kisha padri mwenye tope hadi magotini, kisha akina mama, wawiliwawili, wakijipepea. Wote wakasimama kulizunguka gari, na Mama hakushuka. Nilimnong'oneza kwamba misa imechelewa. Akasema miaka sitini ndiyo imechelewa.

Mwishowe Bibi Katarina akaingia langoni, viatu mkononi, gomesi imelowa matope chini, jasho linamtoka. Akaja mpaka kwenye gari, akasimama, akafungua mdomo. Hakuna wimbo uliotoka.

"Wifi," Mama Perepetua akamwambia kwa upole kabisa, "mimi nakungoja wewe. Fungua mlango."

Katarina akahamishia viatu mkono wa kushoto, akafungua.